Barua ya deni ikifika: nafuu zilizopo kwa wenye nyumba na wanaotafuta nyumba Nairobi

Mkazi wa Kilimani aliyenunua fleti kwa mkopo wa benki na mwenye ploti ya urithi kule Kawangware huenda wakadhani shida zao hazifanani. Hata hivyo, wote wawili wanaweza kusumbuliwa na deni hadi kuhatarisha mali yao, na wote wana nafuu za kisheria ambazo wengi huzitafuta kukiwa kumechelewa.

Kwa aliyekopa benki, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 hairuhusu mkopeshaji kuamka asubuhi moja na kuuza nyumba ya mtu. Ni lazima kwanza malipo yawe yamecheleweshwa kwa mwezi mmoja. Kisha mkopaji huandikiwa ilani inayoeleza kiasi anachodaiwa, na hupewa muda usiopungua miezi 3 kukilipa. Akishindwa, benki humpa ilani nyingine ya siku 40 kwamba inakusudia kuuza. Baada ya hapo ndipo dalali huingia, naye pia hutakiwa kutoa ilani ya siku 45 kabla ya mnada.

Ukijumlisha, ni zaidi ya miezi 5 tangu ilani ya kwanza. Huo ndio muda wa kuzungumza na benki kuhusu kurefusha mkopo au kupunguza malipo ya kila mwezi, au mwenye nyumba kujitafutia mnunuzi kwa bei nzuri. Anayeficha barua hizo chini ya godoro hupoteza muda huo wote, na mahakamani ni vigumu kueleza kwa nini alinyamaza.

Mambo mawili zaidi hayajulikani sana. Nyumba ambayo wanandoa wanaishi haiwezi kuwekwa rehani bila idhini ya mke au mume, na ilani ya kuuza hupelekwa kwake pia. Pili, benki hutakiwa kuithamini nyumba upya kabla ya mnada. Ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, mwenye nyumba ana msingi wa kwenda mahakamani.

Mwenye ploti ya Kawangware pengine hadaiwi na benki yoyote, lakini anadaiwa na City Hall. Ada ya ardhi ni ya kila mwaka, na muda wa kuilipa bila adhabu huisha Machi 31. Baada ya hapo riba huanza kupanda mwezi baada ya mwezi, na katika ploti nyingi za urithi, ambazo hati bado ina jina la marehemu, riba imewahi kupita ada yenyewe. Bila cheti cha kutodaiwa ada, ploti hiyo haiwezi kuhamishwa kwa jina la warithi.

Kwa sababu hiyo kaunti imetangaza zaidi ya mara moja msamaha wa riba na adhabu. Masharti yake ni rahisi: deni la msingi lilipwe lote ndani ya muda uliowekwa, nayo riba ifutwe. Ada yenyewe haisamehewi. Salio huonekana kwenye nairobiservices.go.ke kwa kutumia nambari ya ploti, na malipo yafanywe huko huko, si mkononi mwa mtu.

Kwa anayetafuta nyumba, mlango mkuu ni Boma Yangu. Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ya mwaka 2024, iliyoweka ushuru wa asilimia 1.5 ya mshahara, inagawa waombaji kwa kipato: walio chini ya Sh20,000 kwa mwezi wamewekewa nyumba za kijamii, na wanaopata kuanzia Sh20,000 hadi Sh149,000 nyumba za gharama nafuu. Kulipa ushuru huo pekee hakumpi mtu nyumba. Ni lazima ajisajili, aweke akiba ya amana, kisha aombe. Akishapata, hawezi kuiuza bila idhini ya maandishi ya Bodi, jambo ambalo wanaonunua kwa biashara hawalipendi.

Anayenunua nyumba yake ya kwanza chini ya mpango huo hatozwi ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani. Aliye na rehani hupunguziwa kodi ya mapato kwa riba anayolipa, hadi Sh360,000 kwa mwaka. Mwanachama wa mfuko wa pensheni naye anaweza kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake, isiyozidi Sh7 milioni, kununua nyumba ya kuishi. Wenye Sacco waulize kama chama chao hukopa kutoka kwa Kenya Mortgage Refinance Company, kwa kuwa riba ya mikopo hiyo huwa chini kuliko ya kawaida.

Usajili wa Boma Yangu hufanywa mtandaoni kwa kitambulisho na nambari ya KRA. Asiye na simu ya intaneti anaweza kusaidiwa katika Huduma Centre ya GPO, Kenyatta Avenue.