Gari Lililohesabiwa Hasara: Kulitengeneza au Kuliacha Liende?

Siku chache kabla ya Ramadhani, baada ya darsa ya akina mama, alibaki mmoja amekaa ukumbini na bahasha ya kaki magotini. Nilidhani ana suala la mirathi au la eda, kwani hayo ndiyo masuala ya kila wiki. Akatoa karatasi mbili na kuniambia, "Maalim, hili si la kitabuni, lakini sina mwengine wa kumuuliza. Nduguyangu ananivuta huku, kampuni ya bima yanivuta kule."

Gari lake dogo lilikuwa limegongana na lori katika barabara ya Mombasa kuelekea Malindi. Yeye na binti zake wawili walitoka salama, alhamdulillahi, bila ya kuzidi michubuko. Mkadiriaji wa bima akalitazama, akaandika kwamba kulitengeneza kutagharimu shilingi 610,000, ilhali thamani yake kabla ya ajali ilikuwa 900,000. Kampuni ikaamua kwamba gari hilo ni hasara kamili, yaani haina haja ya kulitengeneza. Ikampa njia mbili. Ya kwanza, alitoe gari na apokee 870,000, baada ya kukatwa 30,000 ambazo kwa mkataba wake hubebwa na mwenye gari. Ya pili, abaki na mabaki yake, yaliyokadiriwa 240,000, na apokee 630,000.

Nduguye alikuwa ameshampata fundi wa bodi aliyeahidi kulinyoosha kwa 380,000. Hesabu yake ilikuwa nyepesi na tamu: utakuwa na gari, na laki mbili u nusu mkononi. Mtu mwenye shida asikiapo maneno hayo huona kama kwamba kampuni imekosea na yeye ndiye aliyeamka mapema.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalifahamu. Kampuni isemapo gari ni hasara, haisemi kwamba gari limekufa. Hiyo ni hukumu ya fedha, si hukumu ya chuma. Gharama ya matengenezo ikivuka kiwango fulani cha thamani ya gari, mara nyingi nusu au zaidi kidogo, kampuni huona bora ilipe yaishe. Kwa hivyo gari kuukuu la shilingi 300,000 laweza kuhesabiwa hasara kwa sababu ya bampa, boneti, taa mbili na redieta tu, kwani mkadiriaji hupiga hesabu ya vipuri vipya na ujira wa gereji iliyosajiliwa. Gari la namna hiyo, ukipata vipuri vilivyotumika kutoka Japani na fundi mwaminifu, huenda likatengenezeka kwa theluthi ya fedha hizo na likatembea miaka. Sitamlaumu anayelichukua.

Lakini pia liko gari ambalo kwa macho halina kitu, nalo ndilo la kukimbiwa. Sisi watu wa pwani tunalijua: gari lililozama. Mvua za masika zikifurika, maji yakaingia hadi kwenye viti, na maji yenyewe yana chumvi ya bahari, nyaya za umeme huanza kuoza ndani kwa ndani. Leo litawaka, kesho litawaka, baada ya miezi minne breki na taa zinaanza michezo ambayo hakuna fundi awezaye kuipata chanzo. Hilo hata ukipewa mabaki yake kwa bei ya baiskeli, liache.

La mama huyu lilikuwa katikati ya hayo mawili. Nikamuuliza masuala ambayo mimi mwenyewe niliyajua baada ya kuchelewa. Je, ile fremu ya mbele imepinda? Je, mifuko ya hewa ilifumuka? Akasema ndiyo, yote miwili ilifumuka, na ndiyo iliyowasalimisha. Je, ile 380,000 ya fundi ina mifuko mipya ndani yake? Akampigia simu pale pale. Fundi akajibu kwa ukunjufu kabisa: "La, mama, hiyo tutaifunika tu vizuri, hutajua kama ilitoka."

Hutajua kama ilitoka! Mifuko ile ikishafumuka haitumiki tena. Yapasa kubadilishwa pamoja na kifaa kinachoiamrisha, na mara nyingi mikanda ya viti pia, kwani nayo hujivuta kwa baruti ndogo wakati wa ajali na haivutiki mara ya pili. Wako mafundi wanaoshona kifuniko juu ya shimo tupu, kisha wakaichezea ile taa ya tahadhari ili isimfichue mtu. Ndugu msomaji, ukienda kununua gari lililotumika, fungua swichi na utazame taa ya mfuko wa hewa: yapasa iwake kidogo kisha izime. Ikiwa haiwaki asilani, uliza kwa nini.

Na chuma cha mbele ya gari kimeundwa kikunjwe ili nguvu ya pigo iishie pale isifike kwa waliomo. Kikishakunjwa, kikachomwa moto na kunyooshwa kwa nyundo, umbo lake hurudi lakini nguvu yake hairudi kama ilivyokuwa. Mimi niliwahi kunyooshewa gari hivyo miaka ya nyuma, katika gereji ambayo sitaitaja. Lilitoka likimeta. Tairi ya kushoto ikawa inaliwa upande mmoja, nikanunua tairi tatu kwa mwaka, na kila nikifika mwendo wa themanini usukani ulitetemeka mikononi kama mwenye homa. Mke wangu alikataa kulipanda, na alikuwa na haki.

Tukatafuta fundi wa pili. Huyu alilala chini ya gari kabla ya kutaja bei, jambo ambalo yule wa kwanza hakulifanya. Mifuko ya hewa, mikanda, kipande cha fremu na kulinganisha magurudumu: ongeza 140,000. Ile 380,000 ikawa 520,000. Yaani katika zile 630,000, mkononi zingebaki 110,000. Nikamwambia amuulize na muuza magari angelinunua kwa ngapi likishatengenezwa, lakini amweleze wazi kwamba lilihesabiwa hasara. Akamjibu hazidi 550,000. Jumla ni 660,000, dhidi ya 870,000 taslimu. Ile faida ya nduguye ikawa upungufu wa 210,000.

Nduguye hakukosa jibu. Akasema, "Nani amekwambia auze? Alitumie." Na hoja hiyo ina uzito. Mwenye kuliweka gari mpaka lichakae hana haja na bei ya sokoni; haja yake ni litembee na liwe salama. Akasema pia, hata akiliuza, kwani lazima aseme? Hapo tulisimama. Kasoro ya bidhaa hubainishwa kwa mnunuzi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitia mkono ndani ya chungu ya nafaka sokoni, akakuta chini imelowa na juu ni kavu, akamkemea mwenye kuuza. Gari lililonyooshwa na kupakwa rangi juu ya fremu iliyopinda ni chungu ile ile, ila hii huua.

Lililokata shauri, hata hivyo, lilikuwa jengine. Gari lile halikuwa lake peke yake. Mumewe alipofariki, mirathi yaligawanywa kwa Kadhi, naye ndiye aliyeusiwa kuisimamia mali ya watoto. Gari lilinunuliwa kwa thumuni yake na fungu la binti zake, ili liwapeleke shule na lisambaze mahamri na sambusa ambazo faida yake ndiyo inayowalisha. Mtu akiicheza bahati kwa fedha zake, ni shauri lake na Mola wake. Fedha za yatima hazichezewi hivyo. Sura ya An-Nisaa imeonya vikali, na waumini wanajua. Nikamtaka aulize kampuni kama wangelipokea gari lile tena katika bima kamili likitengenezwa. Wakakataa; wangempa ile ya kufidia watu wengine tu, ambayo sheria ya Kenya, Sura ya 405, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo. Maana yake, likigongwa au likiibwa tena, mayatima hawana hata senti moja. (Kuhusu bima yenyewe na khitilafu ya wanazuoni, tumeandika siku nyengine. Takaful imekuwepo nchini tangu 2011, mwenye uwezo aitazame.)

Akaamua kulitoa. Nilimpa maneno matatu ya kushika. Asitie saini hati ya kukubali malipo kabla ya kuisoma yote, kwani ukishaisaini madai yako yamekwisha. Aombe nakala ya ripoti ya mkadiriaji, kwa kuwa kampuni hulipa thamani ya gari ilivyokuwa siku ya ajali, si ile iliyoandikwa siku ya kukata bima, na thamani hiyo hubishaniwa. Akiona amedhulumiwa, iko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ya kupelekewa malalamiko. Na la tatu, ahakikishe umiliki umehamishwa katika mfumo wa NTSA. Kwa sheria yetu, aliyeandikishwa ndiye anayehesabiwa mwenye gari mpaka ithibitike vyengine. Mabaki yakinunuliwa, yakanyooshwa na kumgonga mtu Voi, jina litakalosomwa polisi ni lako. Wenye magari ya mkopo nao wajue kwamba benki hulipwa kwanza, kinachobaki ndicho chao.

Malipo yalichukua wiki sita. Kwa wiki hizo mahamri yalisafiri kwa tuktuk, na mteja mmoja akapotea. Amenunua gari jengine, dogo na la bei ya chini kuliko lile, na kilichobaki amekirudisha katika akaunti ya binti zake. Nduguye mpaka leo ana kinyongo. Asema laki mbili u nusu zimeachwa barabarani.

Siku ya kulivuta nilikuwapo. Mama alifungua mlango wa nyuma uliokwama, akatoa juzuu mbili za watoto, leso moja, na kiatu cha shule cha mguu mmoja ambacho walikuwa wamekitafuta tangu ajali. Akaniuliza kama kuna karatasi nyengine ya kutia saini. Nikamwambia hakuna, akawakabidhi ufunguo.