Siku Tano, Bei ya Mwanafunzi: Unanunua Nini Kilimanjaro?

Kila inapokaribia Desemba, magrupu ya WhatsApp ya darasa hujaa matangazo ya aina moja: twende Kilimanjaro, siku tano, bei ya mwanafunzi, picha ya kileleni uhakika. Kwa sisi wa Ngujini, huku Upare wa Kaskazini, mlima huo ni jirani. Ukipanda mgongoni asubuhi kabla mawingu hayajakaa sawa, Kibo unaiona imetulia kule ng'ambo, na ukiizoea hivyo unaanza kuamini kwamba unaijua. Makala hii ni ya wale walioshaanza kupigia hesabu hela ya bumu. Nataka kueleza jambo moja tu: kwa nini watu wawili hupanda mlima uleule, wiki ileile, mmoja akarudi anasimulia mpaka anachosha, na mwingine hataki hata kuulizwa.

Wengi hudhani tatizo ni umati. Umati upo kweli. Kilimanjaro hupokea makumi ya maelfu ya wapandaji kwa mwaka, na hawaji kwa mpangilio sawa. Wanajazana Januari hadi mwanzoni mwa Machi, kisha Juni hadi Oktoba, kwa sababu miezi hiyo ni mikavu. Wanajazana tena sikukuu za mwisho wa mwaka, na sisi wenyewe tuna Desemba 9, tunapokumbuka bendera na Mwenge uliopandishwa kileleni na Alexander Nyirenda mwaka 1961. Halafu kuna jambo ambalo wengi hatulifikirii, mbalamwezi. Wageni hupenda kufika juu mwezi ukiwa mpevu, kwa hiyo wiki moja kambi imejaa mpaka mahema yanagusana, na wiki mbili baadaye, njia ileile, unatembea na kundi lenu tu.

Huko Ulaya mlima wenye wageni wengi kwa kawaida ni mlima wa skii. Mgeni anakaa kwenye kiti kinachoning'inia kwenye waya, mashine inampandisha, anateleza kushuka, anarudi kwenye foleni ya kiti. Afrika nako vipo vituo vichache vya namna hiyo, kama Oukaïmeden kule Morocco na Afriski kule Lesotho. Sisi theluji tunayo ila kituo hatuna. Na si kwamba hakuna aliyejaribu: mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na skii zao na wakateleza wakati wa kushuka. Leo wasingepata pa kutelezea pa maana. Kati ya mwaka huo wa 1912 na 2007, eneo lililofunikwa na barafu kule juu lilipungua kwa asilimia 85 hivi, na kilichobaki sehemu kubwa ni kuta zilizosimama wima.

Tofauti inayotuhusu hasa ni ile ya mashine. Kwenye skii, foleni inakupotezea muda, basi. Kilimanjaro hakuna cha kukupandisha. Mwaka 2019 Serikali ilizungumzia mpango wa gari la waya, na kelele zikawa nyingi, hasa kutoka kwa wapagazi na waongozaji ambao ndio wanaopandisha mlima huo kila siku. Kwa hiyo foleni ya Kilimanjaro unaisimamia ukiwa na mapafu yako mwenyewe, kwenye hewa nyepesi. Pale kwenye ukuta wa Barranco, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, asubuhi kundi zima hupita mmoja mmoja, mikono imeshika mwamba, wapagazi wakiomba njia wakiwa na mizigo kichwani. Unasubiri, jasho linakauka, baridi inaingia. Na kileleni, mita 5,895, kuna foleni ya kupiga picha kwenye kibao! Watu wanatetemeka, vidole havisikii, simu imezimika kwa baridi, na mbele yako kuna kundi la watu kumi na wawili wanaotaka kila mmoja apigwe peke yake.

Usiku wa kileleni nao huwashangaza wengi. Mnaamshwa kabla ya saa sita za usiku, mnakunywa chai, mnaanza kupanda gizani, taa za vichwani zimepangana kama daladala za jioni. Si ukatili. Usiku vumbi na kokoto za mteremko zimegandana, mguu haurudi nyuma kila hatua. Mapambazuko huwa na anga safi kuliko mchana. Na muhimu zaidi, mkifika asubuhi mnabaki na mchana mzima wa kushuka.

Lakini ukiwauliza walioshindwa kufika, wachache watakuambia foleni iliwarudisha. Kichwa ndicho kiliwarudisha. Juu kileleni mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, maana yake kila pumzi inakuletea karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili unaweza kujirekebisha, ila unataka muda, na muda huo hauharakishwi na mazoezi ya gym. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasizidi jana yake kwa zaidi ya mita 500 hivi.

Sasa chukua njia ya Marangu, ile inayouzwa kwa siku tano. Usiku wa kwanza Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, mita 3,720. Wa tatu Kibo, mita 4,720, na hapo hulali kweli, unajinyoosha tu mpaka uamshwe kwenda kileleni. Hesabu mwenyewe: mita elfu moja kila usiku, mara mbili ya kinachoshauriwa. Ndiyo maana njia inayosifiwa kuwa laini, yenye vyumba na vitanda, huwaangusha hata wachezaji mpira. Machame, ambako mnalala kwenye mahema na miguu inachoka zaidi, ina ujanja ambao Marangu haina: siku moja mnapanda hadi Lava Tower, karibu mita 4,600, mnakula, kisha mnashuka kulala Barranco. Mwili umeonjeshwa hewa ya juu, halafu umepumzishwa chini.

Siku ya sita ya Marangu hufanya kazi hiyohiyo. Mnalala Horombo usiku wa pili. Mchana mnatembea hadi Zebra Rocks na kurudi. Kwenye ratiba inaonekana kama siku ya uvivu. Kwa maoni yangu ndiyo siku ya maana kuliko zote, ukiacha ile ya kileleni yenyewe.

Kwa nini basi ndiyo inayokatwa? Kwa sababu mlima unalipiwa kwa siku. Ada ya hifadhi ni kwa siku, malazi ni kwa usiku, wapagazi, mpishi na mwongozaji wanalipwa kwa siku, chakula vilevile. Anayetaka kukutangazia bei ndogo ana sehemu mbili tu za kupunguza, siku zako au jasho la watu. Wapagazi, ambao mlimani wanaitwa wagumu, wamewekewa kikomo cha uzito wa kilo 20, na mizigo hupimwa getini. Kundi likiwa na wapagazi pungufu, mzigo hauyeyuki, unagawanywa kwa waliopo, au mnaacha vitu mtakavyovihitaji. Wengi wa vijana hao ni Wachaga na Wapare wa rika letu, na baadhi wanatafuta ada ileile tunayoitafuta sisi. Kwa hiyo ukiona bei ya kutupwa, uliza wapagazi wangapi kwa wageni wangapi, wanalala wapi, wanakula mara ngapi kwa siku. Mtu mwenye kampuni ya kweli hatakasirika ukimuuliza.

Dalili nazo zijulikane kabla ya safari. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa usingizi na hamu ya kula ni kawaida kiasi, ila hali ikizidi hupandi tena. Ukiona mwenzako anayumba kama mlevi, anaongea vitu visivyoeleweka, au anakosa pumzi hata akiwa amekaa na anakohoa povu, hapo hakuna kusubiri asubuhi: anashushwa saa hiyohiyo. Dawa ya asetazolamaidi husaidia baadhi ya watu, lakini hiyo umuulize daktari ukiwa bado chini. Kinachowaponza vijana ni aibu. Mtu anaficha maumivu kwa sababu ameshawaambia watu wa mtaani kwamba anakwenda Uhuru, na mwongozaji hawezi kutibu asichoambiwa.

Kuhusu mazoezi, kwetu hakuna uhaba wa vilima. Kindoroko, kilele kirefu kuliko vyote Upare wa Kaskazini, kina mita 2,113; Shengena kule Same kina mita 2,462, ndani ya msitu wa Chome. Havitakuzoesha mwinuko, ni vifupi mno kwa kazi hiyo, ila magoti na viatu vitakuambia ukweli mapema. Foleni huko hakuna, labda ile ya Krismasi, tunaporudi nyumbani wote kwa mpigo na gari za kupanda Upareni hazitoshi.

Kabla hujatuma hela, muulize anayetangaza swali moja: usiku wa tatu tunalala wapi? Akijibu Kibo, ujue siku ya sita imekatwa. Akijibu Horombo kwa mara ya pili, uliza bei ya ile siku ya ziada. Kwa raia wa Afrika Mashariki ada za hifadhi ni ndogo mno kuliko za mgeni kutoka nje, hivyo siku hiyo inayomuumiza mtalii wa Ulaya sisi haituumizi kiasi hicho. Na pale Horombo, tangu Agosti 2022, intaneti ipo. Utakuwa na mchana mzima wa kuwaambia nyumbani kwamba kichwa hakiumi.