Kabla ya dakika 90 kuna usukani

Mashabiki wa soka wamezoea kumhesabia mchezaji dakika 90. Kwa kijana anayecheza mechi za mitaani Kasanda, huko kwenye vilima vya Kigoma, hesabu hiyo inampunja. Kabla filimbi ya kwanza haijalia ameshapanda na kushuka milima kwa baiskeli, viatu vinaning'inia begani, na mara nyingine beki wake wa kulia kakaa kwenye keria.

Kasanda ipo Kakonko, eneo lililokuwa chini ya Kibondo mpaka Kakonko ilipokuwa wilaya mwaka 2012. Huku baiskeli si fasheni. Inabeba mihogo, mkungu wa ndizi na dumu la maji, na jioni inampeleka shabiki kibanda umiza kuwatazama Simba na Yanga. Mashujaa walipoitoa Simba kwa penalti kwenye Kombe la Shirikisho, Aprili 2024, mechi ilipigwa Uwanja wa Lake Tanganyika. Kutoka Kasanda hadi Kigoma mjini ni mbali mno kwa pedeli, hivyo kwa wengi kibanda ndio jukwaa kuu.

Sasa swali: baiskeli hiyo inamfikisha mtu akiwa mzima, au anafika mgongo umekaza na vidole vimekufa ganzi? Jibu kubwa liko kwenye usukani.

MZEE DHIDI YA KIJANA

Kuna kambi mbili. Ya kwanza ni ya baiskeli nyeusi za kizamani, mfano Phoenix ya Mchina. Usukani wake unatoka mbele, unapinda na kurudi kwa dereva kama pembe za ng'ombe. Ya pili ni ya baiskeli za gia zenye usukani ulionyooka kama fimbo. Vijana wanazipenda, zinaonekana za kazi.

Ubaya wa fimbo unajitokeza njiani. Inamvuta mtu mbele, uzito unahamia viganjani, shingo inabidi ainyanyue ili aone barabara. Kwenye njia ya changarawe kila jiwe linapiga kiganja. Mshipa wa fahamu unaopita chini ya kiganja unabanwa, kidole cha mwisho na cha pete vinaanza ganzi. Kwa winga si tatizo sana. Kwa kipa anayekwenda kusimama langoni, hiyo ni noma.

Umbo la pembe si ushamba. Wazungu wanaliita North Road, jina la klabu ya waendesha baiskeli ya Uingereza iliyoanzishwa karne ya 19. Baiskeli za Kiingereza kama Raleigh zilitembea nalo Afrika Mashariki, na Phoenix za Shanghai zikaendelea nalo. Limedumu kwa sababu linafanya kazi.

Jaribio lake ni rahisi. Simama, acha mikono ining'inie, kisha kunja viwiko kama unayetaka kubeba sinia. Viganja vyako vinatazamana, havitazami chini. Usukani wa pembe unaikuta mikono hapo hapo. Ule wa fimbo unalazimisha kifundo cha mkono kijipinde.

MBONA POGAČAR ANAINAMA?

Shabiki mbishi atauliza hilo. Septemba 2025 majirani zetu wa Kigali waliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza Afrika, na Tadej Pogačar akashinda mbio za wanaume akiwa amelala juu ya usukani. Sababu ni upepo. Kwa kasi ile, adui mkubwa wa mwendeshaji ni hewa, na kuinama kunamfanya aikate vizuri. Anayekwenda mechi akiwa na mwenzake nyuma hana kasi hiyo. Adui zake ni mawe, mlima na jua.

MAMBO YA KUKAGUA UKINUNUA

Kwanza, urefu. Sehemu ya kushika iwe sawa na siti au juu yake kidogo, viwiko vikunjike bila kukaza mabega.

Pili, magoti. Kaa, piga pedeli, kata kona mpaka mwisho. Ncha za usukani zikigusa goti, huo haukufai hata kama ni wa bei poa.

Tatu, kipenyo. Usukani wa kizamani mara nyingi ni milimita 25.4 pale katikati unapobanwa. Baiskeli nyingi za gia za kisasa ni 31.8. Ukiulazimisha kwa kuweka kipande cha bati, siku moja utazunguka ukiwa kwenye mteremko.

Nne, breki. Kama zako ni za waya, huenda waya mrefu zaidi ukahitajika, maana mikono imerudi nyuma. Kama ni zile za vyuma virefu, usinunue usukani peke yake. Mikono ya breki imefungwa humo humo, kwa hiyo muulize fundi kwanza.

Tano, shina linaloingia kwenye fremu. Lina alama ya mwisho wa kulivuta juu. Ukiipita alama hiyo ili ukae wima zaidi, linaweza kukatika. Fundi akimaliza kukaza, bana tairi la mbele kwa mapaja na jaribu kuuzungusha usukani kwa nguvu. Ukicheza, arudie.

USIUPE SIFA ZISIZO ZAKE

Usukani huu hautibu goti. Goti linalouma mbele mara nyingi linalalamikia siti iliyo chini mno. Pia ukikaa wima, uzito mwingi unahamia makalioni, hivyo siti nyembamba ya mbio itakutesa. Tafuta pana yenye springi.

Na mlimani una gharama yake. Mwili umerudi nyuma, abiria yupo kwenye keria, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na kuanza kuyumba. Ukiwa peke yako, shika zile kona za mbele za usukani na uiname, lakini kumbuka breki ziko mbali na vidole. Mkiwa wawili, shukeni msukume. Hakuna kocha anayempa namba aliyevunjika mkono kwa ubishi wa kilima kimoja.

Kwa timu inayosafiri kwa baiskeli, fundi mzuri ana thamani sawa na daktari wa timu. Mpelekeeni baiskeli siku mbili kabla ya mechi. Asubuhi ya mechi mtakuwa mmechelewa.