Mwanao wa Chuo Akinyamaza

Likizo ndefu imefika na kijana amerudi kutoka chuo kikuu. Mama amechinja kuku, majirani wamekuja kumsalimu. Lakini kijana hali. Mchana kutwa amelala, na usiku anasikika akitembea uani. Akiulizwa habari za masomo anajibu "nzuri" na kuondoka. Baba anasema ni kiburi cha wasomi. Shangazi anasema amechezewa. Hakuna anayemwuliza kama anaumwa.

Hali hii wengi wetu tumeiona, kama si nyumbani kwetu basi kwa jirani. Mwezi huu tunapenda kuzungumza na wazazi juu ya huduma iliyopo katika vyuo vingi, ambayo baadhi yetu hatuijui, na wengine tunaijua lakini tunaiogopa. Huduma hiyo ni ushauri nasaha.

Mzigo wa mwanafunzi

Kijana aliyekuwa wa kwanza darasani kwao anapofika chuoni anakutana na mamia waliokuwa wa kwanza kwao. Fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo, ambayo wanafunzi huiita "bumu", ikichelewa au ikiisha mapema, anashindia mlo mmoja. Akifeli somo hurudia mtihani. Akishindwa zaidi anaweza kuondolewa chuoni, nao husema "amedisko". Neno hilo dogo linaweza kumnyima usingizi mwezi mzima, kwa maana anakumbuka shamba lililouzwa ili yeye asome.

Umri wenyewe nao una hatari yake. Magonjwa mengi ya akili huanza kujionyesha kabla ya mtu kutimiza miaka 25. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu zaidi ya 720,000 walikufa kwa kujiua duniani kote, na kwamba kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hiyo ilikuwa sababu ya tatu ya vifo. Kwa hiyo tusiseme "ni utoto, utapita".

Dalili za kuangalia

Huzuni ya siku mbili tatu si ugonjwa. Lakini dalili zifuatazo zikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, huenda ni sonona, ugonjwa unaotibika:

1. Huzuni, au kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda.
2. Kukosa usingizi au kulala kupita kiasi.
3. Kukosa hamu ya kula, au kula kupita kawaida.
4. Uchovu, na kushindwa kutuliza mawazo kwenye kitabu.
5. Kujiona hafai, au kusema kwamba heri asingezaliwa.

Dalili ya tano haingoji wiki mbili. Ukiisikia, chukua hatua siku hiyo hiyo.

Mnasihi anafanya nini?

Mwanafunzi anaweza kuanzia katika ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi au katika zahanati ya chuo. Mnasihi hamgombezi wala hamhukumu. Anamkalisha, mara nyingi kwa muda usiozidi saa moja, na kumsikiliza. Kisha wanachambua pamoja: lipi linaweza kutengenezwa wiki hii, kama vile kuomba kuahirisha masomo kwa utaratibu wa chuo, na lipi linahitaji muda, kama vile msiba au uchumba uliovunjika. Kikao kimoja mara nyingi hakitoshi.

Yanayosemwa humo ni siri. Mhadhiri haambiwi, na mzazi naye haambiwi bila ridhaa ya mwanafunzi, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini. Mzazi anaweza kuuliza, "Mimi ninayelipa ada nisiambiwe?" Tunamjibu kwa upole: bila siri hiyo, mwanao asingethubutu kuingia mlango ule.

Mnasihi akiona ugonjwa umezidi ushauri, humpeleka kwa daktari. Wengi wetu tukisikia "akili" tunafikiri Mirembe, tena kwa kejeli. Ukweli ni kwamba huduma hiyo ipo pia katika hospitali kama Muhimbili, Bugando na KCMC, na wengi hutibiwa wakirudi nyumbani siku hiyo hiyo. Akipewa dawa za sonona, nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, pengine zaidi. Asiziache mwenyewe kwa kuona hazifanyi kazi, wala kwa kuona amepona.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, muulize faraghani, si mezani mbele ya wadogo zake. Usianze na matokeo ya mitihani.

Pili, ukihofu anafikiria kujiua, muulize waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Humpa nafasi ya kulitua. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa nyumbani dawa ya kuulia wadudu, kamba na vitu vingine vya hatari, mpeleke hospitali.

Tatu, usiyapeleke mambo yake kwenye jumuiya kama nia ya kuombewa bila yeye kukubali. Sala na tiba havigombani, lakini siri ikishatoka hairudi, na kijana hatakuambia tena.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Ni kweli, ila mara nyingi kijana huficha kwa sababu sisi ndio anaotuogopa. Anaogopa uso wa baba kuliko ugonjwa wenyewe. Basi kabla hajarudi chuoni, mwambie kwa kinywa chako: "Shamba lile tuliliuza kwa ajili yako, si kwa ajili ya cheti. Matokeo yoyote yatakayotoka, hapa ni kwenu." Huenda neno hilo ndilo litakalompa nguvu ya kubisha mlango wa mnasihi.