'Desist from' katika Insha za Uhakiki

Sisi wahakiki chipukizi tunaoandika insha kwa Kiingereza tuna kaugonjwa kamoja: tukiona 'stop' ni neno la watoto, tunaliacha na kuandika 'desist'. Halafu tunaendelea, 'desist to write'. Hapo Kiswahili ndicho kinachosema nyuma ya pazia, maana kwetu ni 'acha kuandika', basi. Kiingereza kinataka 'from' na kitenzi chenye '-ing': 'desist from writing'. Hilo la sarufi ni dogo. Mhadhiri atalipigia mstari mwekundu nasi tutasonga mbele.

Zito ni maana. 'Desist from' ni kuacha jambo ambalo tayari unalifanya. 'Refrain from' ni kujizuia. Asili yake ni neno la Kilatini la kumtia farasi lijamu, na farasi aliyetiwa lijamu huenda hata hajaanza kukimbia. (Kibwagizo cha shairi nacho Waingereza hukiita 'refrain', ila hilo ni neno la ukoo mwingine kabisa, tusije tukajenga hoja juu yake.)

Hebu tumchukue Ngũgĩ wa Thiong'o. Ukiandika kwamba baada ya Petals of Blood, mwaka 1977, 'he refrained from writing novels in English', asiyemjua atadhani ni mtu aliyejichunga tu asiiguse lugha ile. Kumbe alikwisha kuandika riwaya nne kwa Kiingereza, tangu Weep Not, Child ya 1964! Iliyofuata, Caitaani Mũtharaba-inĩ ya 1980, ndiyo ikawa ya Kigikuyu. 'Desist' linaibeba historia hiyo. Tena angalia kinachofuata baada ya 'from'. Ukisema aliacha kuandika kwa Kiingereza, bila kutaja riwaya, umekosea: kumbukumbu zake za utotoni, Dreams in a Time of War, zilitoka mwaka 2010 kwa Kiingereza.

Lakini 'desist' nalo lina harufu yake. Ni neno la barua ya wakili na la tangazo ubaoni. Nyuma yake yupo anayeamuru. Linakaribia 'koma!' letu, na nani anathubutu kumwambia mkubwa wake 'koma'? Sasa, Ngũgĩ alikomeshwa na nani? Aliwekwa kizuizini Kamiti, ni kweli, lakini si kwa ajili ya kumwachisha Kiingereza. Hilo aliliamua mwenyewe. Waliokomeshwa ni wanakijiji wa Kamĩrĩthũ, Limuru, walioigiza Ngaahika Ndeenda mwaka huohuo wa 1977 mpaka serikali ikafuta kibali cha maonyesho. Hao ndio 'were ordered to desist from performing'.

Kwa Ngũgĩ na Kiingereza mimi ningeandika 'gave up', hata kama wenzangu wataliona la mtaani. Ukiwapa wote kitenzi kimoja, mwandishi aliyechagua anakuwa sawa na waigizaji waliozimwa, na dola inatoka kwenye sentensi kimyakimya, bila hata kutajwa.