Mdundo Kabla ya Neno: Chimbuko la Wimbo "Jive Talkin'" wa Bee Gees

Uhakiki wa nyimbo aghalabu huanza na maneno, kisha muziki ukaelezwa kuwa chombo cha kuyabeba. Makala haya yanadai kwamba mkabala huo hautoshelezi kuzieleza nyimbo za disko. Mfano wetu ni "Jive Talkin'" wa kundi la Bee Gees.

Ndugu watatu, Barry, Robin na Maurice Gibb, walipata sifa katika miaka ya 1960 kwa nyimbo za taratibu zenye masimulizi na huzuni. Kufikia 1974 umaarufu wao ulikuwa umefifia. Mapema mwaka 1975 walikwenda Miami, Marekani, kurekodi albamu ya Main Course chini ya mtayarishaji Arif Mardin. Kila walipovuka daraja la Julia Tuttle kwa gari wakielekea studio, magurudumu yalitoa mlio wa kujirudiarudia. Juu ya mapigo hayo Barry alianza kutunga wimbo, ambao jina lake la awali lilikuwa "Drive Talking".

Jina hilo liligeuka kuwa "Jive Talkin'". Kwa ndugu hao, "jive" ilikuwa dansi. Mardin aliwatanabahisha kwamba katika Kiingereza cha Wamarekani Weusi usemi huo ulimaanisha maneno ya ulaghai. Hivyo mashairi yakaandikwa upya: wimbo uliohusu dansi ukawa lawama kwa mpenzi mwongo, ilhali mdundo ulibaki ule ule.

Mfuatano huu, yaani mlio, umbo la neno, kisha maana, si mgeni kwa wanaisimu wa Kiswahili. Nomino "pikipiki" nayo ni zao la tanakali sauti. Hata hivyo, "pikipiki" ingali inarejelea chombo chenye mlio huo, ilhali mdundo wa "Jive Talkin'" umeachana na daraja. Baada ya maneno kubadilishwa, mapigo yale yale yanaweza kusikika kama porojo za mlaghai zisizokwisha. Maana mpya imeupa mdundo wa zamani kazi mpya ya kisanaa.

Wimbo ulitolewa Mei 1975, na Agosti ukashika nafasi ya kwanza katika chati ya Billboard nchini Marekani. Mwaka 1977 ulijumuishwa katika albamu ya filamu Saturday Night Fever, iliyolitambulisha kundi hilo na disko duniani kote.

Kwa hiyo, mhakiki anayeyatenga maneno ya wimbo kama huu na kuyasoma kama shairi atakuta lawama za kawaida za kimapenzi. Kilichozaa maneno hayo, na kinachoyapa uzito, hakimo katika maandishi.