Muungwana ni Kitendo: Tathmini ya Wakuu wa Shule Watarajiwa katika Uanagenzi na Maandalizi ya Leseni

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Methali hii inatukabili na swali zito katika uwanja wa elimu: kabla ya mtu kukabidhiwa shule nzima, na walimu na wanafunzi wake wote, tutajuaje kuwa anaweza kuiongoza? Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi swali hilo linavyojibiwa nchini Marekani, hususan katika jimbo la California, ambako mkuu wa shule mtarajiwa hupimwa kwa vitendo akiwa bado katika mafunzo. Makala yanashikilia kuwa tathmini hiyo, licha ya majedwali na alama zake, kimsingi ni kazi ya kusoma matini. Na kwamba hufaulu pale tu msomaji anapoyapima masimulizi ya mtahiniwa kwa ushahidi wa matendo yake. Kwa msingi huo, suala hili linatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili kwa njia mbili. Wengi wetu tutakuwa walimu, na baadhi yetu manaibu na wakuu wa shule. Aidha, usomaji wa matini ndio ujuzi tunaodai kuwa nao.

Tufafanue istilahi kwanza. Tunatumia neno uanagenzi kumaanisha kipindi ambacho mtu hujifunza kazi kwa kuifanya, chini ya uangalizi wa aliyebobea. Neno hili lina mizizi katika karakana, ambako mwanagenzi hushika nyundo huku fundi akimtazama. Leseni nayo ni idhini ya kisheria ya kushika wadhifa. Haimaanishi shahada wala cheti cha kuhudhuria mafunzo.

Kutoka Hesabu ya Saa hadi Utendaji

Nchini Marekani, elimu iko mikononi mwa majimbo, na kila jimbo huweka masharti yake ya leseni. Hata hivyo, kumekuwapo juhudi za kuwa na viwango vya pamoja. Mwaka wa 1996, muungano wa majimbo ujulikanao kwa kifupi kama ISLLC ulitoa viwango sita vya uongozi wa shule. Viwango hivyo vilidurusiwa mwaka wa 2008, na mwaka wa 2015 nafasi yake ikachukuliwa na viwango vipya kumi. Viwango hueleza kiongozi anapaswa kuwa nani. Swali gumu ni jinsi ya kumtambua.

Kwa muda mrefu, majimbo mengi yaliegemea mambo mawili: mtihani wa kuandika na daftari la saa za uanagenzi. Massachusetts, kwa mfano, imekuwa ikidai saa 500 za mazoezi. Saa zina faida yake, kwani hakuna ajifunzaye kuogelea akiwa ufuoni. Lakini saa hazisemi zilitumiwaje. Mwanagenzi anaweza kuzimaliza akisimamia foleni ya chakula cha mchana na kuwapandisha watoto kwenye mabasi, asishiriki hata uamuzi mmoja mgumu. Mtihani wa kuandika nao hupima ajuacho mtu, wala si afanyacho mwalimu mwenzake anapokasirika mbele yake.

Ni kutokana na upungufu huo ndipo majimbo kadhaa yakaanza kutumia tathmini ya utendaji. Massachusetts ilianza mwaka wa 2014. California ikafuata kwa tathmini iitwayo CalAPA, ambayo alama zake zilianza kuamua hatima ya mtahiniwa katika mwaka wa masomo wa 2019/2020.

Tathmini ya CalAPA ina sehemu tatu. Katika sehemu ya kwanza, mtahiniwa huchunguza takwimu za shule za miaka kadhaa, akatambua kundi la wanafunzi linaloachwa nyuma, akatafuta sababu na kupendekeza hatua. Katika sehemu ya pili, huongoza kikundi kidogo cha walimu kutatua tatizo la ufundishaji. Katika sehemu ya tatu, humlea mwalimu mmoja: hukutana naye kabla ya somo, humtazama akifundisha, kisha huketi naye kulijadili somo hilo. Kila sehemu hupitia hatua nne: kuchunguza, kupanga, kutenda na kutafakari. Mtahiniwa huwasilisha nyaraka, maelezo yake mwenyewe na, katika sehemu mbili za mwisho, vipande vya video vilivyorekodiwa kwa idhini ya wahusika. Wasahihishaji waliofunzwa hutumia jedwali la vigezo lenye ngazi tano, ambapo kila ngazi imeelezwa kwa maneno.

Masimulizi na Ushahidi

Hapa ndipo mwanafasihi anapopaswa kutega sikio. Sehemu kubwa ya kinachosahihishwa ni masimulizi ya nafsi ya kwanza. Mtahiniwa ndiye msimulizi na ndiye mhusika mkuu, na ana sababu nzuri sana ya kujipamba. Tunafahamu kuwa msimulizi wa aina hii hawezi kuaminiwa moja kwa moja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtahiniwa ameandika hivi baada ya kumtembelea mwalimu wa Hisabati: "Nilimwongoza mwalimu agundue mwenyewe kwamba maswali yake hayakuwapa wanafunzi nafasi ya kufikiri." Ni sentensi nzuri. Tunapoitazama video, tunamwona mtahiniwa akizungumza takriban muda wote, huku mwalimu akiitikia kwa kichwa na kuandika. Hakuna swali aliloulizwa mwalimu likaachwa wazi. Kitenzi "nilimwongoza" kinakanushwa na picha, na "agundue mwenyewe" hakina ushahidi wowote. Msahihishaji makini hampi mtahiniwa huyo alama ya juu kwa ufasaha wake.

Tugeuze mfano huo. Mtahiniwa wa pili ameandika kwa mkato, lugha yake ikikwaruza. Katika video, anauliza swali moja, ananyamaza, anamsubiri mwalimu. Mwalimu anasita, kisha anasema kwamba huwaita wanafunzi walewale watatu kila siku. Mtahiniwa anamwuliza angependa kujaribu nini wiki ijayo. Huyu ametenda kile ambacho wa kwanza alikisimulia. Iwapo msahihishaji atasoma maelezo pekee, leseni itamwendea msemaji na mtendaji atakosa.

Nani Apime?

Kuna wasomaji wawili wa kazi ya mwanagenzi. Wa kwanza ni mlezi wake shuleni, yaani mkuu aliye kazini. Huyu humwona kila siku na huyajua yasiyonaswa na kamera. Lakini yeye pia ni mwenzake, na ni vigumu kumwangusha mtu mnayekunywa naye chai. Wa pili ni msahihishaji wa nje. Hana undugu na mtahiniwa, ila ameletewa matini tu; hajui kilichoachwa nje ya kipande cha video. Mlezi anafaa zaidi kwa tathmini endelezi, ile inayomwambia mwanagenzi arekebishe nini kesho. Msahihishaji wa nje anafaa zaidi kwa uamuzi wa leseni. Mmoja akitwikwa kazi ya wote wawili, ama mwanagenzi ataficha udhaifu wake kwa mlezi, ama leseni itatolewa kwa huruma.

Fauka ya hayo, zipo kasoro ambazo jedwali la vigezo haliwezi kuzitibu. Mtahiniwa huchagua mwenyewe vipande vya kuonyesha. Anayefanyia uanagenzi katika shule ambako mkuu hamruhusu kuona takwimu au kuketi na walimu huanza akiwa nyuma ya wenzake. Tena, wapo watakaojifunza kutimiza vigezo badala ya kuongoza.

Funzo kwa Kenya

Nchini Kenya, Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya 2012 inamtaka kila mwalimu asajiliwe. Hata hivyo, hakuna leseni ya pekee ya mkuu wa shule inayotokana na tathmini ya uanagenzi. Wakuu huteuliwa na Tume, na mafunzo ya usimamizi yamekuwa yakitolewa na taasisi iliyoanzishwa mwaka wa 1981 kwa jina la KESI, ambayo baadaye iliitwa KEMI. Uanagenzi wetu halisi ni unaibu wa mkuu wa shule. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na manaibu wengi wamevukuta kwa miaka.

Tulinganishe hali hiyo na mazoezi ya kufundisha, ambayo kila msomaji wa jarida hili anayajua au atayajua. Mhadhiri huketi nyuma ya darasa, akaomba azimio la kazi na andalio la somo, akatazama, akajaza fomu, kisha akamwita mwanafunzi nje wazungumze. Andalio ni masimulizi ya somo litakalokuwa. Somo lenyewe ndilo ushahidi. Tunautumia utaratibu huu kumpima anayeingia darasani kwa dakika arubaini. Ni ajabu kwamba anayekabidhiwa shule kwa miaka mingi hapitii utaratibu unaolingana nao.

Hatuna haja ya kuiga California kwa kila jambo. Kamera na majukwaa ya kidijitali yana gharama. Lakini naibu anaweza kutazamwa akiongoza mkutano wa idara, akimshauri mwalimu mpya au akizungumza na mzazi mwenye malalamiko, na vigezo vikawa vimeandikwa na kujulikana mapema. Aidha, vigezo hivyo vikitungwa, viwepo kwa Kiswahili pia, kwa kuwa Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitambua lugha hii kuwa ya taifa na rasmi, na mazungumzo mengi na wazazi hufanyika kwayo.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kuwa hesabu ya saa haitoshi, mtihani wa kuandika hautoshi, na masimulizi ya mtahiniwa hayatoshi. Kinachohitajika ni msomaji anayeweka maneno na matendo kando kwa kando na kuuliza kama yanaafikiana. Kazi hiyo si geni kwetu. Tumeifanya kwa riwaya na tamthilia tangu mwaka wa kwanza. Siku tutakapoitwa kuwapima viongozi wa shule, au kupimwa wenyewe, tuifanye kwa makini yaleyale, kwa sababu anayelipia usomaji mbaya hapo ni mtoto aliye darasani.